Bei kwa Penseli

Duka la Gurnam halikuwa na kibao.
Anayetaka bunduki, alisema, hapotei Nakuru.
Ulipanda ngazi kumi na saba nyuma ya ghala la mbegu,
ukabisha mlango wa chuma, nami nikakuchungulia.
Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Miaka kumi na minne.

Hiyo, na chai.
Kidole kimoja mezani: kikombe kidogo, huyu hakai.
Viwili: lete birika.

Walikuja vijana wa kunukia, funguo za gari vidoleni,
"Mzee, bei ya mwisho?" kabla hawajaketi.
Walikuja waliotaka kupigwa picha tu.
Alikuja daktari wa ng'ombe kutoka Solai
aliyeijua kila bunduki, ukoo wake na mwaka wake,
akahutubu mpaka adhana ya alasiri,
akatuachia maganda ya njugu kitini.
Wote Gurnam aliwapa ileile ya Kirusi, nzito kama mtaimbo.
Aliitoa ikiwa imefungwa,
akatazama mikono.

Maana ajuaye huifungua kwanza.
Kabla ya kusifu, kabla ya bega,
huivunja katikati, akachungulia kasiba zote mbili
asije akawa amesahauliwa mtu humo.
Asiyejua huielekezea kalenda.
Januari yetu ilikufa mara nyingi.

Bi Wangechi wa Subukia aliifungua.
Gambuti za tope, leseni ndani ya mfuko wa unga,
na nguruwe mwitu waliokwisha kumla nusu eka ya viazi.
Vidole viwili.
Gurnam akampima mkono kwa utepe wa mshonaji,
akamtafutia nyingine, nyepesi, akaikata tako papo hapo,
akampunguzia bila kuombwa
na kumfokea kidogo kuhusu kutu.

Lakini ile ya kabati la ndani!
Tako la mjozi, mishipa yake kama maziwa
yanapoanza tu kuingia kwenye chai.
Kwale wawili wamechorwa kwenye chuma,
mmoja ameshageuza shingo, amesikia kitu.
Mgombea fulani alipanda na bahasha, akaimwaga mezani.
"Imeshawekewa mtu," akasema Gurnam.
Nikatafuta jina daftarini. Hapakuwa na jina.
Palikuwa na bei kwa penseli,
na kila alipokuja mwenye fedha za kweli
alifuta, akapandisha.

Ndipo nikamjua mpoteza muda halisi wa duka lile.

Mwalimu Sigei hakuuliza bei.
Kila mwisho wa mwezi, Jumamosi, kutoka Njoro,
alipangusa viatu chini kabisa, kwenye ngazi ya kwanza,
akapewa kitambaa, mafuta, na ile ya kabatini.
Yeye akipaka, Gurnam akipiga tupa,
saa nzima bila neno.
Birika nililileta bila kidole.

Nilimuuliza siku moja: Mzee, huyu atanunua lini?
"Umemwona anavyoifunga?"
Nilikuwa nimemwona.
Huifunga kama mlango wa chumba alimolala mtoto mgonjwa.
"Basi," akasema, akarudia tupa yake.

Gurnam alifariki Aprili, mvua zikichelewa.
Jumatatu polisi wangekuja kuhamisha kila kitu boharini kwao.
Jumamosi Mwalimu alipanda.
Akapaka. Akafuta. Akaifunga.
Kisha, bila kuniangalia, akauliza bei.

Nikafungua daftari.
Mahali pa tarakimu karatasi ilikuwa imefutwa
na kufutwa, hata ikatoboka.
Kupitia tundu nikauona ukurasa wa chini,
mwandiko wa Gurnam, wino safari hii:
*mafuta na kitambaa, shilingi mia mbili.*

Nikamsomea hiyo.

Alihesabu noti mbili, akazinyoosha juu ya meza
kama daftari za wanafunzi,
akashuka, ngazi moja moja.
Kitambaa alikwenda nacho.